Kabla hujampiga kwa sababu ya wimbo, muulize amesikia nini

Jumamosi jioni katika mitaa ya Mbagala, Tandika, Tandale au Mwananyamala, mtoto hachagui muziki wa kusikiliza. Muziki unamfuata alipo. Kigodoro kimefungwa nyumba ya tatu, kinyozi ana spika yake mlangoni, bajaji inapita na wimbo mwingine, na jirani anayefua amefungulia redio ili asizisikie zote hizo. Mtoto wa miaka mitano anayecheza uani anakusanya kila kitu. Kesho yake asubuhi, unamvalisha muende kumsalimia babu yake, anaanza kuimba. Hapo ndipo unaposikia neno.

Kinachofuata wazazi wengi tunakijua. Kofi la mdomo, au "Nani kakufundisha matusi?", na mtoto analia kilio cha mshangao, si cha aliyekamatwa na kosa. Ukimuuliza baadaye, akishatulia, anaweza kukutajia neno jingine kabisa, silo ulilosikia wewe: jina la mtaa, jina la chakula, jina la mtu, au sauti tu isiyo na maana yoyote, iliyomfurahisha kwa sababu inarudiwarudiwa.

Mgogoro wa namna hiyo hauko kwenye familia peke yake. Nchi hii iliwahi kubishana mwezi mzima juu ya neno moja la wimbo.

Jina la mtaa au kitu kingine?

Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (Basata) lilifungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny akimshirikisha Diamond Platnumz. Kiini cha ugomvi kilikuwa jina la mahali. Nyegezi ni eneo halisi jijini Mwanza, lina stendi ya mabasi, na mkazi wake akilitaja hakuna anayeinamisha macho. Lakini wimbo ulilichezea jina hilo kiasi kwamba msikilizaji alisikia, ndani yake, neno la tamaa ya mwili ambalo mtu mwenye haya zake halitamki mbele ya mkwe. Desemba wasanii hao wakauimba jukwaani jijini Mwanza licha ya katazo, Basata ikawazuia kufanya maonyesho. Waliomba radhi na baadaye wakafunguliwa.

Mabishano ya mitaani wakati ule yalikuwa na pande mbili. Mmoja anasema, "Jamani, hilo ni jina la mtaa, nendeni Mwanza mkaone." Mwingine anajibu, "Wee, usitufanye watoto." Na wote wawili wamesikiliza wimbo uleule. Mimi naamini watunzi waliyajua maneno yote mawili, na utani wenyewe ulikuwa hapo. Lakini mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa akiuimba njiani kwenda shule alikuwa na neno moja tu, la mtaa, au hakuwa na neno lolote.

Septemba ya mwaka huohuo, kwa majirani zetu Uganda, Waziri wa Maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia tamasha la muziki linalofanyika karibu na Jinja. Malalamiko yake yalikuwa mengi, uamuzi ukabadilishwa na tamasha likafanyika. Kinachonivutia mimi ni jina la tamasha, ambalo silirudii hapa kwa sababu kwa masikio ya Kiswahili ni lilelile neno la ugomvi wa "Mwanza", tena limetajwa mara mbili. Kwa Kiganda jina hilo linatokana na neno lenye maana ya hamu ya ghafla ya kucheza ngoma, hamu isiyozuilika. Bibi wa Kampala anaweza kulitamka mbele ya wajukuu. Bibi wa Temeke akilisikia kwenye redio atanyanyuka kwenda kuizima.

Sauti ni ileile. Anayeijaza maana ni mwenye sikio, kwa maneno aliyonayo tayari kichwani.

Kaka Tamaa ni nani?

Tuseme mwimbaji anaimba kwamba fulani "kakata tamaa". Yatamke maneno hayo taratibu: ka-ka-ta-ta-ma-a. Sasa yatamke haraka, na ngoma inagonga juu yake. Silabi moja ya "ta" inamezwa, na kinachofika sikioni ni "kaka tamaa". Mtu mzima hatambui kwamba kuna kitu kimepungua, maana usemi wa kukata tamaa anaujua, na akili yake inairudisha silabi iliyopotea bila kumwambia. Mtoto wa miaka mitano usemi huo hana. Kaka anamjua. Kwa hiyo kwake wimbo huo unamhusu kaka mmoja anayeitwa Tamaa, na ukimwuliza atakueleza hata anavyofanana.

Waingereza na Wamarekani wana jina la makosa ya namna hii, na jina lenyewe limetoka kwa mtoto aliyesikia vibaya. Mwaka 1954 mwandishi wa Marekani, Sylvia Wright, aliandika katika jarida la Harper's kwamba alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akimsomea utenzi wa zamani wa Uskoti kuhusu bwana mkubwa aliyeuawa na kulazwa kwenye majani. Yeye alisikia kwamba ameuawa bwana pamoja na bibi mmoja aitwaye Lady Mondegreen. Bibi huyo hakuwahi kuwapo. Ni maneno ya kulazwa majanini yaliyoshikana. Wright aliendelea kumhurumia bibi yake wa kubuni hata baada ya kuujua ukweli, na tangu hapo neno "mondegreen" likawa jina la maneno ya wimbo yaliyosikika kombo.

Kiswahili chetu kina mitego yake, na Dar es Salaam ina mingi zaidi kwa sababu jiji hili limekusanya watu wa lugha zote. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi "l" na "r" kama Kiswahili kinavyofanya, kwa hiyo msanii aliyekulia kwenye lugha kama hiyo anaweza kuimba "mahari" huku akikusudia "mahali". Katika wimbo wa mapenzi tofauti hiyo si ndogo: mmoja anamwambia mpenzi wake amtajie mahali, mwingine anataka kujua mahari. Ongeza wanaosema "samani" badala ya "thamani", yaani unamwambia mwenzako ana thamani kubwa moyoni mwako yeye anasikia makochi na kabati. Ongeza wanaoacha "h" mwanzoni mwa neno, mpaka "haya" inakuwa "aya".

Halafu kuna mkazo. Katika maongezi Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hilo linatusaidia kujua neno limeishia wapi. Muziki haujali sheria hiyo. Mdundo unaangukia unapotaka. Neno "barabara" ni mfano ambao kila mwalimu wa Kiswahili anaupenda: ukikaza mahali pamoja ni njia ya magari, ukikaza pengine ni sawasawa, vizuri. Likiimbwa, mkazo ukihama, msikilizaji anabaki na wimbo mzima kumsaidia kukisia. Akishindwa, anachagua analolijua.

Na kasi je? Singeli, iliyokulia uswahilini kama Manzese na Tandale, hupigwa kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na baadhi hukaribia 300. Bongo Fleva ya kawaida ya kubembeleza haifiki hata nusu ya hapo. Kwa kasi hiyo msanii anameza silabi kwa sababu pumzi haitoshi, wala si kwamba anaficha kitu. Kisha sauti hiyo inapitishwa kwenye spika ya daladala ambayo besi yake inatikisa vioo, na herufi nyepesi kama "s", "f" na "th" ndizo za kwanza kupotea. Mtoto anayekuimbia wimbo aliousikia kwenye basi la Mbagala Rangi Tatu anakuimbia kile kilichobaki.

Barua ya mzazi iliyofika FBI

Mzazi mwenye hofu na nyimbo hayuko Dar peke yake. Mwaka 1963 kundi la Marekani liitwalo The Kingsmen lilitoa toleo lake la "Louie Louie", wimbo uliotungwa na Richard Berry miaka ya 1950 kuhusu baharia anayemkumbuka mpenzi wake. Mwimbaji aliuimba kwa kuburuta maneno kiasi kwamba hakuna aliyemwelewa. Uvumi ukaenea mashuleni kwamba ndani yake kuna matusi mazito, na vijana wakawa wanapeana karatasi zilizoandikwa hayo "maneno halisi".

Mwaka 1964 mzazi mmoja aliyekuta wimbo huo nyumbani kwake alimwandikia barua Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Robert Kennedy, akilalamika. Shirika la upelelezi, FBI, likaingia kazini. Watu wazima, waajiriwa wa serikali, wakakaa kuisikiliza sahani hiyo kwa kasi ya kawaida, kwa kasi ndogo, kwa kasi kubwa. Hitimisho lao lilikuwa kwamba maneno hayaeleweki kwa kasi yoyote ile.

Karatasi zile za mashuleni ndizo zinazonifikirisha zaidi. Aliyezisoma kwanza kisha akasikiliza wimbo, aliyasikia matusi wazi kabisa, na angeweza kula kiapo. Ambaye hakuzisoma alisikia mtu anayeguguma. Ukishaambiwa neno, huwezi tena kutolisikia.

Hapo ndipo kofi la Jumapili asubuhi linaponipa wasiwasi. Mtoto alikuwa na sauti. Wewe umempa karatasi. Umemwambia, kwa mkono na kwa sura yako, kwamba hapo katikati ya wimbo pana kitu kikubwa sana, cha watu wazima, chenye nguvu ya kumfanya mama abadilike rangi. Kufikia jioni atakuwa amewauliza wenzake wakubwa, nao watamfafanulia vizuri kuliko ambavyo ungependa.

Wazee wetu walikuwa na usemi, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Taarab imeishi kwa usemi huo. Tangu siku za Siti binti Saad, Zanzibar, mtu anaimbiwa kijembe kwa jina la ndege, ua, jiwe au chombo baharini, na anayehusika anajijua. Kipaji cha mtunzi kilikuwa kutoa wimbo ambao mtoto na mgeni wanaweza kukaa nao sebuleni bila madhara, huku shangazi wawili kwenye kona wakitazamana. Kila neno linatamkwa sawasawa. Hakuna anayebishana amesema nini. Wanabishana amemsema nani.

Sehemu kubwa ya tunayoyaita matusi kwenye nyimbo za sasa ni jamaa wa fumbo hilo, ingawa ni jamaa mvivu. Februari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizitaka redio na televisheni ziache kupiga nyimbo 15 zilizoonekana kukiuka maadili, na kwenye orodha ulikuwamo "Kibamia" wa Roma. Hapo sauti haina utata hata kidogo. Bamia ni bamia, iko sokoni Tandika kila siku, na mtoto akiimba kuhusu bamia ndogo anaona mboga. Ubishi wote upo kwenye kichwa cha mtu mzima. Sisemi orodha ile ilikosea. Redio inasikilizwa na watu wa kila umri na lazima kuwe na mwenye kusema basi. Nasema tu kwamba mtoto aliyeko upande wa mboga hana haja ya kuvutwa upande wa pili kabla ya wakati wake.

Mkubwa anayecheka pembeni

Haya yote yanamhusu mtoto mdogo. Kijana wa miaka 12 au 13 anayeimba mstari kisha akamtazama mwenzake na kucheka, huyo amelisikia neno na anajua umelisikia. Kumwuliza "umesikia nini?" ni kumpa nafasi ya kukudanganya kwa adabu. Kwake mazungumzo ni mengine, nayo hayahusu matamshi. Ni mazungumzo ya nani yupo chumbani: kwamba kuna maneno ya kijiweni na maneno ya nyumbani, na kwamba bibi yake anaelewa kila kitu, kuliko hata anavyodhani. Vijana wengi hiyo ya mwisho inawanyamazisha haraka.

Kwa mdogo, swali ni lilelile la kichwa cha habari hii, na liulizwe kwa sauti ya kawaida, unaendelea kufunga vifungo vya shati. "Huo wimbo unasemaje hapo?" Akikutajia mtaa, mwambie ndiyo, ni mtaa, uko Mwanza, karibu na ziwa. Akikutajia kitu kisicho na maana, cheka naye. Unaweza pia kumwambia kwamba wimbo huo hatuuimbi kwa babu kwa sababu babu anapenda nyimbo za polepole, na likaishia hapo. Akilitaja neno lenyewe, zima, bila kujua maana, mwambie kwamba neno hilo hatulitumii, kama unavyomwambia asiweke viatu mezani. Usilipe sherehe.

Kama hujui wimbo unasema nini, simu unayoisomea makala haya inaweza kukusaidia. YouTube ina sehemu ya kupunguza kasi, weka 0.75 usikilize tena, singeli itaanza kuwa na maneno. Usiyaamini sana maneno ya nyimbo yaliyoandikwa mitandaoni, mengi yameandikwa na wasikilizaji kama wewe, na mtu akisikia kombo ataandika kombo. Video ambayo msanii mwenyewe ameweka na maandishi yake ndiyo ya kuaminiwa. Na kama watoto wawili wanagombania "mahali" na "mahari", fungua kamusi. Haitawaambia msanii alisema lipi, lakini itawaambia lipi linaleta maana kwenye mstari ule, na hiyo ni kazi nzuri ya Kiswahili kwa siku isiyo na shule.

Nitaje pia mahafali ya chekechea, kwa kuwa msimu wake huwa na kesi hizi kila mwaka. DJ anakodishwa, watoto wa miaka sita wamevaa majoho, wimbo unapigwa, nusu ya wazazi wanashangilia na nusu wanamtafuta mwalimu mkuu kwa macho. Ugomvi wa hapo hauna faida, wimbo umeshapigwa. Mzazi mmoja wa kamati aombe orodha ya nyimbo wiki moja kabla, azisikilize zote, kwa kasi ndogo, akiwa peke yake.

Ubishi mwingine wa maneno ya nyimbo nyumbani ni wa raha tu, na ningependa tuwe nao zaidi. Watoto wengi huimba wimbo wa taifa kila asubuhi mstarini bila kujua maneno yake yote. Nimesikia "nguo" mahali pa "ngao" mara nyingi, na sishangai, kwa sababu nguo mtoto amezivaa na ngao hajawahi kuiona. Mwonyesheni. Ipo katikati ya nembo ya taifa, kati ya mwanamume na mwanamke waliosimama, kwenye jalada la pasipoti au kwenye noti iliyoko mfukoni mwako.

Na wakubwa nao wana wa kwao. Chukua "Malaika", wimbo ambao Fadhili William wa Kenya aliurekodi miaka ya mwanzo ya 1960, Miriam Makeba wa Afrika Kusini akautembeza dunia nzima, na ambao Adam Salim naye alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Ndani yake kuna kitenzi ambacho wengine huimba "hukuwaza" na wengine "nakuwaza". Mwenye "nakuwaza" hana shida. Mwenye "hukuwaza" anakabiliwa na neno moja lenye sarufi mbili. Ile "hu" inaweza kuwa ya mazoea, kama katika "jua huchomoza", yaani mimi kila siku nakuwaza wewe. Inaweza pia kuwa ya kukanusha, yaani wewe hukuwaza, hukufikiria. Herufi ni zilezile, mkazo ni uleule, na mapenzi yamegeuka lawama.

Kwetu ubishi huu uliwahi kumaliza mgao mzima wa umeme. Mwalimu mstaafu wa ukoo alishika upande wa mazoea na kutupa mifano kutoka kitabu cha sarufi. Mama yangu alishika upande wa lawama, akasema mwanaume asiye na mahari lazima alaumu mtu. Umeme uliporudi tukauweka wimbo kwenye simu, tukasikiliza mara tatu, kila mmoja akasikia la kwake.